Wifi Yangu na Siku Hamsini na Sita

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, kazini kwake wanamwita Asilimia. Yuko halmashauri, idara ya mipango na ujenzi, chumba cha pili kushoto ukishapanda ngazi, kile chenye kabati za chuma mpaka dirishani. Usidhani anapitisha ramani. Ramani wanapitisha wenye vyeo. Yeye anahesabu siku. Ukileta ombi la kujenga, au la kugeuza chumba kuwa duka, anagonga muhuri wa tarehe, na tangu hapo halmashauri ina siku hamsini na sita za kukujibu. Kila baada ya miezi mitatu anatoa hesabu: katika kila maombi mia, mangapi yamejibiwa ndani ya muda. Namba hiyo hubandikwa mlangoni, kwa maandishi ambayo hata mama yangu huyasoma bila miwani.

Miaka kumi na minne hiyo ndiyo kazi yake, na sijamsikia hata siku moja akipandisha sauti. Mimi, mjue mapema, mdomo wangu hauna breki. Nikimtania, "Wifi, kaka yangu umemgongea muhuri saa ngapi jana?" anacheka tu: "Huyo faili lake lilishapotea."

Basi mwaka jana nikaamua chumba changu cha mbele kiwe cha kushonea. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliniahidi sare mia mbili na arobaini, kwa sharti moja: ndani ya miezi mitano nimwonyeshe kibali cha halmashauri. Nikapeleka ombi siku ileile. Nikawaambia mafundi wenzangu wawili wakae mkao wa kazi.

Siku ya hamsini na tatu wifi akaja na karatasi.

"Faili lako halijafika kwa mkaguzi. Tia sahihi hapa, unakubali kuongeza siku arobaini na tano."

"Nisipokubali?"

"Utahesabiwa kati ya waliochelewa kujibiwa, na mkuu wa idara ataniuliza mimi."

Angekuwa mtu mwingine ningemtimua na karatasi yake. Lakini ni wifi, kanilelea wanangu wawili nilipolazwa. Nikatia, wala sikuisoma. Muda ule ukaisha, akaja na ya pili. "Haraka haraka haina baraka, wifi." Nikamjibu, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikatia tena. Hata ya tatu nikatia.

Miezi mitano ikapita. Mwalimu mkuu akaomba radhi, akazipeleka sare kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Nilivyofura, acha! Nilisikia cherehani za watu zikilia mchana kutwa, na mafundi wangu wawili wakahamia huko huko. Wifi sikumwambia kitu. Niliacha kumtania tu, nikingoja aone.

Siku ya mia na themanini mkaguzi akafika, mzee mpole mwenye futi ya chuma. Akapima dirisha, akapima mlango, akamaliza. Dakika nane, jamani!

"Hizi dakika nane," nikamuuliza, "zimekosekana miezi yote hii?"

Akanijibu bila hata kuona haya: "Mama, faili lenye sahihi ya kuongeza muda halina haraka. Sisi kila asubuhi tunashika yanayokaribia hamsini na sita, ya wale waliokataa kusaini. Ya waungwana yanashuka chini."

Wiki iliyofuata wifi akaniletea kibali mwenyewe, kakibeba kwa mikono miwili, anatabasamu.

"Ombi limepita, wifi! Na ndani ya muda!"

"Muda wa nani?" Hapo ndipo mdomo ulipofunguka. Nikamweleza habari za sare, mafundi, na sahihi tatu nilizotia kwa ajili yake. "Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi nguo sikukiona! Unajua nimesubiri siku ngapi?"

"Mia na themanini na nane," akasema papo hapo. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Akaweka kibali juu ya cherehani, akatoka bila kuaga.

Baada ya siku kumi kulikuwa na kikao cha madiwani, na wananchi huruhusiwa kuingia. Nilikwenda kwa shari, sifichi. Nilitaka anione nimekaa pale akisoma hesabu yake. Akasimama, akasoma: tisini na saba kwa mia. Wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza, kama desturi, kama kuna la nyongeza.

"Lipo," akasema wifi. "Tusipoyahesabu yaliyoongezewa muda kwa sahihi, yaliyojibiwa ndani ya siku hamsini na sita ni arobaini na moja tu kwa mia. Mmoja wa waliosaini amekaa kule nyuma. Ni wifi yangu. Alisubiri siku mia na themanini na nane, akapoteza kazi, nasi tumemhesabu amejibiwa kwa wakati. Karatasi nilimpelekea mimi."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Shari yote ikaniisha mwilini, nikatamani nikamshike mkono aketi, maana mkuu wake alikuwa amesimama tayari, anamwambia, "Inatosha, kaa chini."

Hakukaa. Alifungua daftari, akaanza kusoma siku za wale wengine, faili moja baada ya jingine.