Nilimtajia Baba Mkwe Mshahara wa Marekani

Kosa ni langu, msinitafutie wa kumsingizia. Mshenga hana hatia. Mtandao nao hauna hatia, ingawa nimeutukana sana.

Kazi yangu ni kuandika programu za gemu, hizo mnazocheza kwenye simu mkisubiri zamu hospitalini. Naishi Iguguno, na kompyuta yangu ya mtumba haikai na chaji. Tulipojiandaa kupeleka posa Kinampanda, kwa kina Neema, mshenga wetu alikuwa baba mdogo. Akaniuliza, "Wakitaka kujua unalipwa ngapi, niseme nini?"

Mtu mwenye akili angesema ukweli: kampuni moja ndogo ya Dodoma imeniahidi laki sita kwa mwezi. Mimi sina akili, mimi ni msomi! Nikaingia mtandaoni, nikasoma wanavyolipwa wenzangu Marekani, nikageuza dola kuwa shilingi, nikamwandikia kwenye karatasi. Milioni ishirini kwa mwezi.

"Mwanangu, hizi sifuri hazijazidi?"

"Baba mdogo, ndiyo soko lilivyo."

Eti soko! Soko nililolijua mimi ni la alizeti.

Baba mdogo na wazee wetu wakaenda, mimi nikabaki nyumbani kama inavyotakiwa. Baba mdogo alirudi kanyong'onyea. Baba yake Neema alisomewa karatasi, akauliza, "Kwa kucheza?" Akajibiwa, "Kwa kutengeneza, mzee." Basi mzee na ndugu zake wakatoka nje kushauriana, na waliporudi mahari ikawa ng'ombe arobaini. Arobaini, jamani! Kwetu tuna mbuzi sita, mmoja kilema.

Hapo ndipo nilipopaswa kuungama. Badala yake, Dodoma walipopiga simu kuuliza naanza lini, nikawaambia bila milioni ishirini sitoki kitandani. Bosi alicheka mpaka akakohoa. Nafasi akampa mwingine, na laki sita ikaenda zake.

Nikamfuata Neema, nikamweleza yote. Hakufoka, na ni heri angefoka.

"Mimi nilikuuliza unalipwa ngapi?" akasema. "Baba alikuwa amepanga ng'ombe watano na blanketi la bibi. Sasa kichekesho chako cha Dodoma kimeshamfikia, anasema hawezi kumpa mwanawe mtu mwongo."

Watano! Kwa laki sita ningemaliza taratibu, bila kelele. Nililia kama mtoto, tena barabarani, watu wa mnadani wakinitazama.

Sasa Neema anaolewa na kijana mwenye mashine ya kukamua alizeti, mtu ambaye hajui hata dola ina rangi gani. Kaka yake Neema ameniomba nitengeneze kadi za harusi, kwa kuwa "wewe si mtaalamu wa kompyuta?" Nimekubali. Ndiyo kazi pekee niliyopata mwaka huu!

Wadogo zangu mnaojifunza kazi hii, ukiulizwa mshahara taja unaoupata wewe, si wa mtu usiyemjua anayekaa ng'ambo. Sema laki sita, tena sema kwa sauti. Mimi niliionea aibu, na leo nimekaa hapa naandika jina la mwanaume mwingine pembeni ya jina la Neema.