Rukia Alipokuja Kumlaza Salma

Usiku ule usingizi ulinipitia bila kutaka. Idi ilikuwa mlangoni, madera ya watu yamejaa kitandani, na mimi nilikuwa nimezoea kushona hadi adhana ya alfajiri, shavu moja limevimba kwa muguka. Majani yale ndiyo yaliyokuwa yakinifukuzia usingizi. Nilianza kuyatafuna na marehemu Rukia, shoga yangu. Tulishonea chumba kimoja hapa Malindi, tukichekana kwa meno yaliyogeuka rangi. Rukia alianguka juu ya cherehani yake, asiinuke tena. Kabla ya hapo alikuwa akishika kifua, mikono ikimtetemeka, na kila nikimuuliza alinijibu, "Uchovu tu." Tulimzika. Nikarudi kazini, nikatafuna kuliko mwanzo, maana sasa nguo za wateja wake pia zilikuwa zangu.

Basi namwona Rukia anaingia. Hakupiga hodi. Amevaa dera lake la zambarau, na wala sistaajabu. Nasogeza kiti apite, kama siku zote. Anatazama taa, anatazama vitambaa, kisha anamtazama mwanangu Salma, aliyejikunyata pembeni ya kitanda, macho makavu.

"Huyu halali?"

"Atalala nikimaliza," namjibu, mguu haujaacha kukanyaga cherehani.

Rukia akamnyooshea mkono. Salma alimpenda sana, akimwita khala kana kwamba ni dada yangu wa damu, akaushika.

Chumba hakipo tena. Tuko Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, alikozaliwa Rukia. Jua la utosi. Weupe chini, weupe juu, hata kivuli sikioni. Wao wako mbele, mimi nyuma, na kila nikiongeza mwendo chumvi inanimeza hadi vifundoni. Salma anapiga miayo. Ameegemeza kichwa kwenye nyonga ya Rukia, anatembea kama mtoto anayepelekwa kitandani.

"Unampeleka wapi?"

"Kumlaza. Kwako hakulaliki."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Rukia amekufa.

Sijui nieleze vipi. Mwili wote uliingia baridi katikati ya jua lile. Tangu utotoni tumeambiwa: maiti akikuita ndotoni, usimfuate. Na aliyekuwa akimfuata si mimi. Ni mwanangu, na anakwenda kwa raha, wala hageuki kunitazama.

Nikafumbua kinywa nimwite. Kimejaa majani. Nayatoa kwa vidole, yanakuja mengine. Nayatoa, yanazidi, yananifika kooni. Jina la Salma linakwama huko nyuma. Rukia akasimama. Alinigeukia na uso ule ule, mzima, usio na alama yoyote ya kaburi.

"Moyo wangu uliponigonga, nilisema uchovu," akaniambia. "Wewe wako ukigonga, unasemaje?"

Nilitaka kusema kila kitu. Kwamba unagonga. Kwamba nimekonda hadi pete inanivuka kidoleni, kwamba nampigia mtoto kelele kwa kijiko kilichoanguka, kwamba kitanda nakiogopa. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu, nami nikaisikia kama ya mtu mwingine:

"Uchovu tu."

Rukia alilia. Katika uhai wake sikuwahi kumwona akilia. Akamshika Salma mkono barabara, akaanza kwenda, na mimi nikapiga ukelele usio na sauti, pumzi imekatika kabisa.

"Tema!"

Nikazinduka. Salma amenikalia kifuani, vidole vyake viwili viko ndani ya kinywa changu, anachokora. "Tema, mama! Tema!" Nilikuwa nimelala chali kitandani, tonge la majani shavuni, likateremka kooni. Nilikohoa hadi nikatapika juu ya madera ya watu. Mtoto alijifuta vidole kwenye gauni lake. Mikono yake imechafuka kijani.

"Ulikuwa unakoroma vibaya," aliniambia. "Halafu ukanyamaza."

"Kwa nini hukulala, mwanangu?"

"Huwa nakungoja."

Huwa. Neno lile lilinipiga kuliko ndoto yenyewe. Nilimkumbatia, nikausikia moyo wangu ukigonga mgongoni mwake, na kwa mara ya kwanza sikuupa jina la uchovu.

Kulipopambazuka nilimshika mkono, tukaenda kwa mama yake Rukia, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa anafagia ua. Nilimwamkia, nikamsimulia yote nikiwa nimesimama, hata sehemu niliyoionea haya. Alisikiliza bila kuuachia ufagio.

"Alikuwa mzima?" akauliza hatimaye. "Uso wake?"

"Mzima, mama."

Akaketi kizingitini. Akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Yule wangu nilimwona akikonda," akasema. "Nikajiambia ni kazi, itapita. Wewe sikuachi. Leo tunakwenda wote hospitali, utamwambia daktari kama ulivyoniambia mimi, usipunguze. Na Salma atalala hapa, kitandani kwa Rukia, mpaka wewe mwenyewe ujue kulala."

Nilianza kusema habari za nguo za Idi, kwamba watu wananitegemea.

"Watavaa za mwaka jana," alinikata.

Salma, aliyeketi kando yake kizingitini, alikuwa ameshalala begani mwake.