Alama ya Kidole Chini ya Klia

Ungemkuta Hemed uani kwake Bondeni amefumba macho, mkono wa kulia ukitembea polepole juu ya kipande cha alumini, ungesubiri amalize kabla ya kumsalimu. Majirani walizoea hivyo. Alikuwa fundi wa kung'arisha vipande vya injini: makava ya tapeti yanayofunika injini kwa juu, manifodi, vifuniko vya mkanda, vitu ambavyo wenye magari wengi huviacha vikae na mafuta na kutu nyeupe mpaka gari liuzwe. Wachache wanaovijali walimletea yeye, kutoka Lanet, Gilgil, hata Naivasha. Alivipiga msasa mkavu, kisha msasa wa maji, kisha gurudumu la kitambaa lililofungwa kwenye drili, mpaka vikawa kama kioo. Mwishowe alivipulizia klia, ile rangi isiyo na rangi, ili hewa na maji visiifikie alumini tena, akaviokea katika jiko la umeme lililokwisha kustaafu mapishi.

Kufumba macho alifundishwa na Ogola, mzee wa Kijaluo, fundi wa eneo la viwanda, miaka kumi na tisa iliyopita. Macho huridhika upesi, Ogola alisema. Mwanga ukigeuka kidogo yanadanganyika. Kidole hakina haraka. Mkwaruzo uliorukwa na jicho, kidole kitajikwaa juu yake. Glavu hakuziruhusu kabisa katika karakana yake.

"Toa hizo soksi za mikono," alikuwa akiwaambia vijana. "Utaona aje na umejifunika?"

Tangu mwezi wa tatu mwaka huu, vidole vya Hemed vilikuwa vimeacha kuona.

Mwanzoni aliilaumu baridi ya asubuhi. Halafu siku moja mkewe Khamisa akamwekea chai, naye akashika kikombe cha bati kwa mikono miwili, akakaa nacho hivyo akizungumza, mpaka Khamisa akamwuliza kama hakiunguzi. Akakiweka chini, akasema amezoea vitu vya moto.

Alikwenda kliniki peke yake. Daktari kijana alimgusa ncha ya kila kidole kwa kitu chenye ncha, akamwambia afumbe macho na aseme anaposikia. Katika vidole kumi, Hemed alidanganya kwa vinne.

"Ni mtetemo wa hiyo drili," daktari alisema. "Lakini ngozi yako imekauka vibaya. Unanawa na nini?"

"Tina."

"Tina ya kuyeyushia rangi? Mara ngapi?"

"Mara tano."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku."

Daktari aliacha kuandika, akamtazama. Hemed hakuona namna ya kumweleza kijana yule aliyevaa msalaba mdogo shingoni. Klia ikirukia mkono hukauka juu ya ngozi kama ngozi ya pili. Maji hayapiti. Na udhu ambao maji yake hayakufika kwenye ngozi hauna maana, kwa hiyo adhana ikisikika Hemed huchovya kitambaa katika tina, husugua vidole kimoja kimoja mpaka viwe vyeupe, ndipo huenda bombani. Miaka kumi na tisa. Hakuwahi kusali na klia mkononi.

"Ukiacha leo, kilichobaki kinaweza kubaki," daktari alisema. "Kilichokwenda sikuahidi."

Hakuacha. Hakumwambia mtu. Najwa, binti yao wa pekee, alikuwa mwaka wa pili chuoni, na hapakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Alianza kupima kazi kwa shavu, akiinua kava na kulipitisha usoni kama mtu anayenusa tikiti. Jioni Khamisa aliona weusi umembaki chini ya jicho.

"Baba Najwa, leo umepaka wanja pabaya."

Hemed alicheka naye.

Jumatatu moja Kibii alifika kutoka Gilgil na kava la tapeti limefungwa katika taulo. Lilikuwa la gari la marehemu baba yake, gari lililokaa chini ya turubai miaka minane. Jumamosi fundi wa injini angekuja kuifunga, na mama yake alikuwa ameshaambiwa kwamba atapelekwa kanisani na gari lile Jumapili.

"Boss, ile ya mwisho ulinifanyia bado inang'aa," alisema. "Hii nataka nijinyolee hapo juu."

"Utajikata."

"Nikijikata nitajua nimejikata kwa kitu safi." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Lakini hii ni ya mzee. Wewe ndiye nakuamini nayo."

Siku tatu Hemed alilishughulikia kava lile kuliko alivyowahi kushughulikia kazi yoyote. Alirudia msasa mahali ambapo zamani asingerudia, kwa sababu hakuwa na hakika. Aligeuza kava juani, akaligeuza tena, akaliweka shavuni. Alhamisi adhuhuri lilikuwa tayari. Akalipangusa kwa tina kuondoa mafuta yote, na kuanzia hapo hakuna ngozi iliyopaswa kuligusa, maana jasho la mtu halionekani juu ya alumini, lakini likishafunikwa na klia na kupata joto hutokeza na halitoki tena. Alilishika kwa kitambaa safi. Akapulizia. Akaoka. Adhana ilipolia alikuwa amekwisha kuzima jiko, akachukua kitambaa cha tina na kuanza kusugua vidole.

Ijumaa asubuhi alilitoa nje juani.

Liliuma macho kwa uzuri. Alitazama mawingu yakipita ndani yake, akatazama uso wake uliokonda, na karibu na pembe, chini ya klia, akaona kidole gumba. Mistari yote ilikuwapo, imejipinda kama njia za ng'ombe mlimani, na katikati ilikatwa na kovu. Hemed aligeuza mkono wake wa kushoto. Kovu lile alilipata kwa gurudumu la kusagia, mwaka aliozaliwa Najwa.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkwaruzo angeusamehe, mtu anaweza kuruka mkwaruzo. Lakini hapa aliigusa alumini kwa gumba lake mwenyewe, gumba likatoka nje ya kitambaa na kulala juu yake, pengine dakika nzima, na hakuna aliyempa habari. Mkono ulikwenda mahali bila yeye.

Nasir, jirani yao anayefundisha madrasa, alipita kumchukua kwa sala ya Ijumaa, akamkuta anasugua vidole kwa tina huku machozi yakimtoka. Akafikiri ni ile harufu.

"Sasa hiyo sumu unajisugulia nini kila siku?"

"Klia. Isizuie maji."

Nasir alikunja uso, akafikiri. "Si ungevaa glavu tu, Hemed? Ukivua, mkono safi, unaenda bombani. Nani alikukataza?"

Hemed aliacha kusugua. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza, kwa kuwa alidhani analijua jibu.

"Mjaluo mmoja," alisema.

Nasir alicheka, akamshika bega, wakaenda.

Aliporudi alimkuta Khamisa uani, ameinama juu ya kava. Khamisa alikuwa mpambaji wa maharusi; vidole vyake vilikuwa na rangi ya hina mpaka kwenye kiungo cha kwanza, rangi ya chungwa iliyoungua.

"Hiki kidole ni chako," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mimi nilijua wa nne," Khamisa alisema. "Ulipoacha kunipapasa usoni kunitafuta nikilala. Nikasema labda nimezeeka."

Hemed alivuta ndoo, akakaa. Upepo wa ziwani ulileta vumbi jembamba, nalo likatua juu ya kava.

"Kibii anakuja kesho," alisema. "Lazima nitoe klia yote, nirudie msasa kuanzia mwanzo. Na sitajua nikifika."

Khamisa aliingia ndani, akarudi na glavu zake za kuoshea vyombo, za manjano, moja imetoboka kidoleni. Akamtupia mapajani. Kisha akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa benchi la kazi.

Walifanya kazi mchana ule wote. Hemed alipiga msasa kwa glavu za manjano, akiona haya kama mtu aliyevaa nguo za kuazima, na kila alipomaliza sehemu alisukuma kava upande wa pili. Khamisa alifumba macho. Hakuna aliyemfundisha, alifumba tu.

"Hapa bado."

"Wapi?"

"Hapa. Kama uzi." Alimshika mkono, akauweka mahali pale. Hemed aliona mkono wake umewekwa. Hakusikia uzi wowote. Alipiga msasa mahali alipoambiwa, akauliza, akaambiwa bado, akapiga tena.

"Sasa?"

"Sasa pako sawa."

Hakuwa na namna ya kuhakikisha. Alisogea mahali pengine. Usiku alipulizia klia upya, glavu zikiwa bado mikononi, akaoka.

Kibii alikuja Jumamosi saa tatu, akafunua taulo. Akapitisha kiganja juu ya kava kutoka mwisho hadi mwisho.

"Mzee angelia," alisema. "Boss, nikuletee na manifodi wiki ijayo?"

Hemed alitazama mlangoni, Khamisa aliposimama na beseni la hina.

"Mwulize Mama Najwa," alisema. "Vidole ni vyake."

Kibii alicheka kwa sauti, akampiga Hemed begani, akaendelea kucheka kidogo peke yake, halafu akatazama glavu za manjano juu ya benchi, akaacha.

"Lete Jumanne," Khamisa alisema. "Jumatatu nina harusi."