Karatasi Ndani ya Mgongo wa Atlasi

Siku ya tatu baada ya kusoma katuni aliyoletewa na bibi yake, Kidoti alikataa kuoga mlango ukiwa umefungwa. Siku ya nne akakataa kuoga kabisa. Siku ya tano mwalimu alifunga mlango wa darasa ili kupunguza kelele za nje, na mtoto akatoka kupitia dirishani, akavuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Dereva wa lori la mchanga alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Lori lilisimama hatua mbili tu kutoka kwa msichana wa miaka tisa mwenye kiatu kimoja mguuni.

Habari zilimkuta bibi yake kazini, vidole vimejaa gundi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya maktaba ya mji, chenye meza ndefu, kibanio cha mbao, visu vitatu na birika la kupashia gundi. Tangu mkuu wa maktaba hadi mlinzi wa getini, wote walimwita Bibi Gundi, naye aliitika kwa majivuno. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akishona vitabu vilivyochanika, vya sheria, vya mapishi, vya hesabu, na hakuna hata kimoja alichowahi kukisoma pale mezani.

"Mimi nikianza kusoma, gundi itakauka," alizoea kusema. Wageni walicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Binti yake, karani wa posta, aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa bado amevaa sare ya kazini na macho yamemvimba.

"Mama, mtoto nusura afe."

"Nimeambiwa. Yuko wapi?"

"Nyumbani, na jirani. Amefungua milango yote, mpaka ya kabati. Nikisogelea mlango wowote anapiga kelele." Alitoa kitabu chembamba kwenye mkoba akakitupa mezani. "Chukua takataka yako. Ni wewe uliyemletea."

Hilo halikuwa na ubishi. Maktaba ilikuwa na katuni za kutisha kumi na moja, zote kuukuu, na Bibi Gundi ndiye aliyezitengeneza moja baada ya nyingine. Kila alipomaliza moja aliiazima kwa ajili ya mjukuu wake. Mwenyewe alizidharau sana. Kuna watu waliokaa chini, wazima na akili zao, wakachora mapepo na vichwa vilivyokatwa ili watoto wavinunue! Lakini Kidoti alizipenda, na Bibi Gundi hakuwa na ubavu wa kumnyima Kidoti kitu.

"Kuanzia leo hatakuja kwako tena baada ya shule," binti yake alisema. "Nitatafuta mtu mwingine wa kukaa naye."

"Mwanangu, subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Lori la pili?"

Akaondoka. Bibi Gundi alibaki amesimama. Mchana wote wa mtoto yule, tangu alipoachishwa ziwa, ulikuwa wake. Maandazi waliyounguza pamoja, masomo ya nyumbani, ugomvi wa kuchana nywele, vyote hivyo sasa apewe mtu baki?

Mkuu wa maktaba, kijana mwenye miwani na haraka nyingi, alichungulia mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu, maana kuta za pale hazikuwa na siri.

"Bibi, pole sana. Mimi nilishasema katuni hizi hazina faida. Kesho asubuhi nazitoa zote rafuni, zikachanwe."

Siku nyingine yoyote angeitikia kwa furaha. Sasa kulikuwa na jambo lililomkera. Kumi za kwanza Kidoti alizisoma akalala fofofo. Alizisimulia akila, mdomo umejaa, akicheka mapepo yake kama watu wanaocheka shemeji mlevi. Kwa nini hii ya kumi na moja imemvunja?

Bibi Gundi akafunga mlango wa chumba chake, akafuta mikono, akakaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, akasoma kazini.

Kitabu kiliitwa *Mlango wa Ghala*. Msichana anahamia nyumba mpya na baba yake, na kuna mlango mmoja usiofunguliwa. Chini ya mlango ule, asubuhi moja, vinatokea vidole. Ni virefu, vya kijivu, vina fundo moja zaidi ya vidole vya watu. Baba anasema hakuna kitu. Ukurasa kwa ukurasa vidole vinasogea, vinagusa zulia, vinagusa kandambili ya mtoto, na mwenye vidole haonekani kamwe. Bibi Gundi aligundua kwamba ameinua miguu yake kutoka sakafuni. Alijiambia ni upuuzi mtupu, ila hakuishusha. Mwishoni baba anachukua ufunguo kwa hasira ili amwonyeshe mtoto kwamba ghala ni tupu. Ufunguo unazunguka, mlango unaachia upenyo wa kidole kimoja. Akafunua ukurasa unaofuata.

Palikuwa na jalada la nyuma, basi.

Alirudi ukurasa mmoja, akaenda mbele tena. Kisha fundi akaamka ndani yake, naye akakigeuza kitabu upande wa mshono. Katika vitabu vya namna hii karatasi moja hukunjwa katikati, nusu yake ikawa ukurasa wa kwanza na nusu nyingine wa mwisho. Hapa nusu ya kwanza ilikuwa peke yake, imeshikizwa kwa kipande cha kitambaa, na kitambaa kile alikijua. Alikuwa amekikata kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo akakumbuka. Mwezi uliopita palikuwa na karatasi iliyolegea juu ya meza, picha moja kubwa isiyo na neno wala namba. Alidhani ni tangazo. Ilikuwa nzito na nzuri, na alihitaji karatasi ya kukunja na kuingiza ndani ya mgongo wa kitabu kikubwa ili usivunjike. Mtu yeyote aliyeisoma hadithi angejua ile si tangazo. Yeye hakusoma. Mjukuu wake alikuwa ameachwa mbele ya mlango ulio wazi upenyo wa kidole, siku tano nzima, na aliyemwacha pale ni bibi yake.

Aliinuka akaenda moja kwa moja ukumbini, akabeba atlasi kubwa iliyowekwa mahali pa heshima. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote, na mkuu aliionyesha kwa kila mgeni.

"Unaipeleka wapi?" mkuu aliuliza.

"Kuichana."

"Bibi! Atlasi? Kwa ajili ya katuni?"

"Kwa ajili ya kosa langu. Niandikie barua ya onyo ukitaka, nitaisaini. Lakini niwashie birika kwanza."

Kisu kilipita kwenye mgongo na moyo ukamuuma kweli. Akaushikilia mgongo juu ya mvuke, akavuta polepole kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, mkuu akiwa kando yake. Gundi ilikuwa imeshika kingo tu. Karatasi ikatoka nzima, na wote wawili wakaitazama.

Bibi Gundi alikuwa ametumaini kuona polisi, au jua limechomoza, au msichana ameamka kitandani kumbe ni ndoto. Badala yake mwenye vidole alikuwa amejaa ukurasa mzima, mdomo umeachama, meno safu mbili, na kwenye meno kiatu cha baba. Msichana alikuwa pembeni, mdogo, anatazama.

"Usimpe," mkuu alisema kwa sauti ya chini. "Utammaliza kabisa."

Bibi Gundi aliitazama tena karatasi. Aliogopa vilevile. Lakini aliwaza kwamba Kidoti siku hizi tano anamchora huyu mtu kichwani mwake, na kila siku anamwongezea kimo. Akaikausha karatasi, akaitia kwenye bahasha, akatoka.

Binti yake alimzuia kizingitini.

"Mwanangu, sikia. Kitabu hakikuwa na mwisho. Mimi niliutoa, niliutumia kwenye kazi nyingine, sikujua. Nimeuleta."

"Unaishaje?"

Angeweza kudanganya. "Vibaya," alisema.

"Na bado unataka aone?"

"Kuna ukurasa mwingine?" Sauti ilitoka sebuleni. Kidoti alikuwa amekaa sakafuni katikati kabisa, mbali na kila ukuta, makabati yote yameachwa wazi yakimtazama. Alikuwa amekonda usoni.

Mama mtu alimwangalia mtoto, akaangalia bahasha. "Akipiga kelele hata moja, Mama, huku usirudi."

Bibi Gundi alichuchumaa akampa. Kidoti alivuta karatasi, akainama juu yake. Jirani aliacha kumenya viazi, na mama yake akapiga hatua moja mbele.

"Ana miguu mifupi," Kidoti alisema.

"Eti nini?"

"Tazama, Bibi. Vidole virefu, lakini miguu kama ya kochi." Aliisogeza karatasi karibu na pua. "Huyu hawezi kukimbia. Baba wa yule msichana alisimama tu, ndiyo maana akaliwa. Mimi ningemwacha mbali." Kisha akainua macho, amekasirika kama mtu mzima. "Kwa nini ulimficha?"

"Nilikosa. Nilitengeneza bila kusoma."

"Usirudie," mtoto alisema. Akanyanyuka, akafunga kabati moja, la pili, akachukua taulo. Mlango wa bafu ukagonga nyuma yake, komeo likalia, na maji yakaanza kumwagika.

Mama yake alikaa kwenye kiti akafunika uso kwa viganja. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akasema, "Kesho akitoka shule atakuja kwako. Lakini usome kwanza, Mama. Kila kitu."

"Nitasoma."

Mtoto alipotoka, ananukia sabuni, Bibi Gundi aliingia yeye kunawa gundi iliyomkaukia viganjani. Dakika moja baadaye binti yake alipita kwenye ujia.

"Mama, mbona hujafunga mlango?"

"Uache hivyohivyo," alijibu Bibi Gundi. "Na wewe usiende mbali."