Supu Niliyokwenda Nayo Msibani

Kwa miaka kumi na moja nilishusha mboga kutoka Nyandira, juu Uluguru, na kuziuza sokoni Mafiga, mjini Morogoro. Kabichi, njegere, karoti zenye udongo wa mlimani. Mikono yangu ilinuka kotimiri, lakini tumboni mwangu mboga hizo hazikuingia. Zilikuwa za wateja. Mimi nilikula ugali mkubwa, na kiu ikinishika nilikunywa soda.

Kiu ikawa haikatiki. Nilikwenda chooni mpaka wenzangu wakanitania, "Mama Rehema, umepanga chumba huko?" Nilikonda. Sehemu za siri ziliwasha, nikaona aibu kusema. Siku moja tenga la nyanya likaniangukia mguu wa kushoto. Sikusikia maumivu, nikajiona nina bahati.

Pale lilipoangukia pakafanya kidonda, kikatoa maji, kisha harufu. Majirani walikuja kunitazama na juisi za boksi na glukosi, kama mgonjwa anavyopelekewa. "Kunywa mama, upate nguvu." Nilikunywa zote. Hospitali, daktari alikitazama kipimo, akanipima tena. "Mama, sukari yako imepita pale mashine inapoishia kusoma." Wakakata vidole viwili vya mguu ule.

Nesi mmoja akanifundisha supu ya mboga. Nilimwambia kwetu supu ni ya nyama, hiyo yake ni maji ya kuoshea sufuria. Akacheka.

"Basi ifanye nzito. Chemsha choroko ziive, uponde nusu yake. Kaanga kitunguu, saumu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta. Tia nyanya chungu, bamia, kabichi, karoti moja tu. Mchicha uwe wa mwisho. Usitie viazi wala unga. Kamulia ndimu, chumvi kidogo. Na usije ukaacha sindano zako za insulini kwa sababu ya supu."

Nilishiba kwa supu ile. Kidonda kikaanza kukauka.

Ndipo mama akafariki. Arobaini yake ilisomwa mlimani, nami nikapanda na hotpoti yangu ya supu. Sinia la pilau lilipowekwa, nikafungua mfuniko. Mjomba, kaka yake mama, ambaye kwetu Waluguru neno lake ndilo la mwisho, akaacha kula.

"Umekuja na chakula chako kwenye arobaini ya mama yako? Unadhani tumekutilia nini?"

"Samahani mjomba, ni daktari aliye—"

"Daktari ndiye aliyekuzaa?"

Kwetu, anayebeba chakula chake kwenda kwa ndugu anawaita wachawi. Dada yangu Mwajuma akaninong'oneza, "Kula, usituaibishe."

Nikala. Nilikaa huko wiki tatu nikila kila kilichowekwa, mihogo, wali, chai ya sukari nyingi, ili waone siwadhanii vibaya. Sindano ziliisha wiki ya pili, sikushuka kufuata nyingine. Mguu ukawa mweusi kama mkaa uliolowa. Mjomba hakuja kuutazama. Alisema unanuka.

Niliposhuka mjini daktari hakunigombeza. Alichora mstari kwa kalamu chini ya goti. "Tutakata hapa."

Mwaka uliofuata Mwajuma alimwoza binti yake. Nilipanda mlima kwa magongo, hotpoti nimeifunga mgongoni kwa kanga. Nikaamkia, nikakaa, nikafungua, nikaanza kula mbele yao.

"Bado unatuogopa?" mjomba akauliza.

"Siwaogopi ninyi, mjomba. Naogopa msumeno."

Mwajuma akageuza uso. Nilikula supu yangu mpaka ikaisha, ingawa ilikuwa imepoa na sikuisikia ladha.

Namshukuru Mungu kwa uhai, na yule nesi kwa subira yake. Wengine sijaweza kuwashukuru, na sitasema uongo hapa ili nionekane mwema. Wewe mwenye ugonjwa huu, usione aibu kusema unapowashwa. Kidonda kisichouma kikimbize hospitali. Choma sindano zako. Pika supu yako, ibebe popote unapoalikwa, harusini na msibani. Watanuna. Wengine hawatakuitikia salamu, kama mjomba asivyoniitikia mpaka leo.

Ninapoandika haya, mguu wa kulia nimeuweka juu ya kigoda. Kila asubuhi naukagua, hata katikati ya vidole. Vyote vitano vipo.