Sarafu Iliyosuguliwa

Mthamini wa duka la dhahabu aliitwa Mizani, na si kwa kumsifu. Waliompa jina hilo ni wauzaji aliowakata maini: watu walioingia na sarafu ya marehemu babu wakitarajia nyumba, wakatoka na bei ya paa. Miaka ishirini na sita alikaa chumba cha nyuma, na meza moja, taa moja, kioo cha kukuzia, na kiti kilichovunjika mgongo kabla ya wake.

Kazi yenyewe aliieleza kwa ufupi. Sarafu ina bei mbili. Ya kwanza ni ya dhahabu iliyomo, na hiyo soko huipanga kila asubuhi bila kujali nani anaumwa. Ya pili ni nyongeza ya hali yake: wakaguzi huipa maksi, mwisho sabini, wakaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba. Ikitoka humo, maksi zimekufa. Wateja walimuuliza kama plastiki inaweza kuwa na thamani hiyo kweli. Alijibu kwamba hata cheti cha ndoa ni karatasi.

Mdogo wake wa kike alikuwa na sarafu moja, urithi wa baba yao. Mizani mwenyewe ndiye aliyeipeleka kwa wakaguzi, ikarudi na sabini kamili. Akamkabidhi, akamwambia asiiguse. Dada, mtu msikivu, hakuigusa kwa miaka kumi na mmoja.

Kisha mumewe akaota uvimbe tumboni, na hospitali ikataka malipo kabla ya kisu. Dada akampigia kaka yake simu. Mizani akajumlisha dhahabu na nyongeza ya theluthi: ilitosha, na nauli ya kurudi juu yake. Akamwambia ailete kesho.

Alikuja amevaa nguo zake za kutokea. Alipofungua kitambaa, sarafu iliwaka chini ya taa kama jino la bandia. Kasha halikuwepo.

Mizani aliuliza liko wapi. Dada akaeleza, kwa fahari kidogo, kwamba plastiki ilikuwa imefifia, ikaonekana kama kitu cha mitumba. Mgonjwa alilishika kitandani, yeye akalipasua kwa nyundo. Kisha dawa ya meno na mswaki wa zamani.

"Nimeisugua vizuri, kaka. Wasije wakasema nimeleta kitu kuukuu."

Chini ya kioo, uso wa sarafu ulikuwa na mikwaruzo kama sakafu ya darasa. Dhahabu safi ni laini, haivumilii mapenzi.

Bosi wa duka aliitwa, akatazama, akaguna. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. Alikumbusha kwamba mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anakuja Ijumaa kuweka kiinua mgongo chake kwenye sarafu ya sabini.

"Wewe andika sabini, kasha nitatafuta mimi. Watu wanaamini mdomo wako kuliko plastiki."

Mizani alimtazama dada yake, ambaye hakuelewa kinachozungumzwa, au aliamua kutoelewa. Akaandika bei ya dhahabu tupu.

Akiba yake yote aliyoongezea ilifunika nusu ya pengo. Lakini hospitali haimpasui mtu nusunusu. Dada akaikunja sarafu yake kitambaani, akazunguka maduka mengine, ambako walimpa bei ya chini zaidi na pole nyingi. Ndugu walichanga, hasa ahadi. Siku ya tisa uvimbe haukusubiri tena. Daktari alisema pengine walikuwa wamechelewa tangu mwanzo. Madaktari nao wana namna yao ya kukadiria.

Matanga yalipokwisha, dada alirudi kwenye chumba cha nyuma. Akaweka kitambaa mezani.

"Ipime tena."

Mizani akapima. Wiki hizo dhahabu ilikuwa imepanda vibaya, nchi fulani zilikuwa zinatishiana. Mikwaruzo na yote, sarafu ilikuwa imefikia kile kiasi alichokitaja kwenye simu, na nauli juu yake. Angeweza kutaja bei ya chini, kwa huruma. Akaandika iliyo sahihi, akamgeuzia karatasi.

Dada aliisoma mara mbili.

"Hii ndiyo haki?"

"Ndiyo."

Akatia sahihi alipoonyeshwa. Mlangoni akageuka, akaaga kwa adabu kama mteja yeyote.

"Asante, Mizani."