Pete ya Kidole cha Mwisho

Watu wa Bunia wananiuliza kwa nini pete yangu ya ndoa iko kwenye kidole cha mwisho. Wengine wanadhani nimeiokota.

Mume wangu anayeyusha dhahabu nyumbani, juu ya babula, jiko la makaa, au makala kama tunavyoyaita hapa. Upepo anautoa kwenye pompi ya mguu, ile ya kujazia matairi ya pikipiki, bomba lake likiingia chini ya moto. Ni mtu wa taratibu mpaka anaudhi. Anakanyaga kidogo, anangoja, anakanyaga tena. Wateja wakimharakisha, anawajibu: "Upepo ukibanwa sana, makala inakuwa mukali, inarusha kila kitu."

Wiki ya harusi yetu nilikwenda kumwona akiyeyusha dhahabu ya pete yangu, kidogo tu, aliyonipa kaka yangu anayechimba upande wa Niania. Nikakaa mbele yake. Akaanza kukanyaga huku ananiangalia mimi, haangalii moto. Alikanyaga kama mtu anayekimbizwa. Makala yakawa meupe, yakapasuka, kikombe cha udongo kikapinduka, dhahabu ikamwagika majivuni. Tulipepeta majivu mpaka jioni, mimi nikigomba, yeye akicheka kwa aibu. Tuliyoipata ilitosha kidole hiki tu.

Juzi aliniambia kwamba sasa anaweza kuongeza dhahabu, pete ihamie kwenye kidole changu cha pete. Nikamkatalia kwa ukali. Huyu mwanaume hajawahi kuharakisha kitu maisha yake yote, isipokuwa siku ile, na alikuwa ananiangalia mimi.